Mizani ya Ruai

Shairi hili halina vina.
Mizani linayo, ila ni ya chuma,
imefungwa kwa bolti nne kwenye zege, huku Ruai,
na kila Jumatatu alfajiri wanapanda juu yake
mmoja mmoja, nami nasoma.

Daftari langu lina jalada la kijani na harufu ya molasi.
Ukurasa wa kwanza: tarehe mbili Juni, baridi.
Zebu kumi na mmoja wa soko la Njiru.
Borani tisa walioshuka na lori kutoka Isiolo.
Sharolei watatu, machotara, wamefika na vyeti vyao
kama watoto wa shule ya bweni.

Bwana Gathuru akasema: "Ng'ombe ni ng'ombe, Syombua.
Hori moja, debe moja, siku tisini."
Nikachanganya nilivyoambiwa:
mahindi ya kuparaza, pumba za ngano,
mashudu ya alizeti, kidogo, maana ni ghali,
chumvi, chokaa, nyasi kavu zilizokatwakatwa,
na molasi juu yake, nyeusi, inashuka polepole
kama mtu asiyetaka kuamka.

Walikula wote. Kula si hoja.
Swali ni chakula kinakwenda wapi.

Kwa Zebu kilikimbilia mafuta.
Huyu ni mtoto wa ukame, damu yake ina ubahili;
mpe bua la mahindi, atalitolea nyama,
mpe shibe ya mjini, hajui aiweke wapi,
anaificha kwenye figo, kifuani, penye shina la mkia,
kama bibi anayeshonea noti ndani ya godoro.

Kwa Borani kilikwenda mgongoni, bila kelele:
gramu mia tisa kwa siku, wiki hii na ile.
(Namba hiyo niliipigia mstari mara mbili.)

Lakini Sharolei! Wiki ya sita nyonga zimetokeza
kama pembe za meza chini ya kitambaa.
Wakubwa, ndiyo, na bado watoto.
Mfupa ulikuwa unajenga, msuli unajenga,
na sisi kila asubuhi tunamletea fundi mchanga,
saruji hatumletei.

Siku ya sitini, Zebu wanne walikwenda Dagoretti.
Nilikuwepo. Wario alimpasua wa kwanza,
akachota mafuta meupe kwa mikono miwili,
akayatupa kwenye karai: kilo kumi na saba.
"Nani alilisha huyu? Mmelisha karai."
Bwana Gathuru alikuwa kwenye simu, anasikia.
Alinyamaza kimya cha bei ya magunia matatu.

Kesho yake nikagawa boma kwa mabati mabovu.
Zebu waliobaki: nyasi tele, nusu debe, waondoke mapema.
Borani: waachwe kama walivyo, na jiwe la chumvi.
Sharolei: mashudu koleo tatu, soya iliyokaangwa,
mahindi yangoje; mfupa kwanza, kisha nyama,
mafuta yaje mwisho kama mgeni wa heshima.

Gathuru hakuniuliza nimejulia wapi.
Aliuliza bei ya soya.
Ana mkopo, na mkopo hauna mbegu wala kizazi,
unanenepa usiku, bila hori.

Leo ni siku ya tisini. Lori limewasha injini.
"Pakia wote," anasema, bila kunitazama.
Borani wamepanda, migongo bapa kama vitanda.
Sharolei mkubwa amesimama juu ya chuma.
Naweka kiganja kwenye ubavu wa mwisho:
ngozi inateleza, chini yake mfupa, mgumu, karibu mno.
"Huyu bado."
"Bado nini? Ana kilo mia nne!"
"Mia nne za nyumba isiyoezekwa."

Dereva anapiga honi. Gathuru anatazama saa,
kisha ng'ombe, kisha saa.
Mimi nimeshika kalamu.
Sindano ya mizani inatetemeka,
na hapa kwetu hatuandiki
mpaka itulie.